Hata Siku ya Pili

Niliporudi wodini Jumanne ile, mfuko niliomwachia yule mama siku ya Jumamosi ulikuwa bado umefungwa kwa fundo lile lile nililolifunga kwa mikono yangu. Ndani yake mlikuwa na kilo moja ya sukari, kipande cha sabuni ya kufulia, mkate na pakiti ya majani ya chai, yaani vitu ambavyo kanisa letu hapa Kampala huvipeleka hospitalini kila mwaka majira ya Kwaresima. Mkate ulikuwa umeota ukungu. Yule mama alikuwa amelala chali, mguu wake wa kulia ukiwa umevutwa kwa kamba iliyofungwa uzito mwisho wa kitanda, kwa sababu mfupa wa paja ulikuwa umevunjika alipogongwa na bodaboda, na kwa namna alivyofungwa asingeweza hata kulalia ubavu, sembuse kushuka kwenda kutafuta maji. Nilikuwa nimempa majani ya chai mtu asiye na maji ya moto, asiye na kikombe, na asiye na wa kumtuma.

Wala sikuwa nimerudi kwa ajili yake. Nilikwenda kumtazama muumini mwenzetu aliyelazwa wodi ya jirani, nikapita pale kwa kufupisha njia, ndipo nikauona mfuko. Laiti muumini yule angelazwa ghorofa nyingine, hadi leo nisingejua kwamba zawadi tuliyoiombea kwa sauti kubwa na kupiga nayo picha mlangoni ilikaa siku tatu kando ya kichwa cha mtu mwenye njaa bila kumfaa chochote.

Wasomaji walio nje ya Uganda huenda wasielewe mara moja jinsi mtu anavyoweza kushinda na njaa akiwa hospitalini. Mwaka 2001 serikali iliondoa ada za matibabu katika vituo vya afya vya umma, na hatua hiyo iliwafungulia mlango maskini wengi waliokuwa wakiugulia nyumbani. Hata hivyo, kumtunza mgonjwa usiku na mchana kumebaki kuwa kazi ya jamaa zake. Waganda humwita mtu huyo omujjanjabi, nasi tunaosema Kiswahili humwita mwuguzaji. Ndiye anayemwosha mgonjwa, anayepika au kununua chakula, anayefua mashuka, anayemwaga chombo cha haja, anayekimbia na karatasi ya dawa kwenye duka la nje dawa zinapokosekana ndani, na usiku hutandika mkeka wake chini ya kitanda na kulala hapo ili aamke mgonjwa akiita. Wauguzi ni wachache mno kulingana na vitanda, nami nimewaona wakifanya kazi hadi miguu ikavimba, kwa hiyo siwalaumu hata kidogo. Utaratibu mzima umejengwa juu ya dhana kwamba kila mgonjwa ana mtu wake. Asiye na mtu hupewa kitanda na dawa, lakini mambo mengine yote ambayo hayawezi kusubiri hayana mwenyewe.

Mama huyu hakuwa na mtu. Alikuwa ametokea upande wa Beni, mashariki mwa Kongo, ambako mauaji ya raia yamewafukuza watu vijijini tangu mwaka 2014, akavuka mpaka wa Mpondwe pamoja na wengine, akaja Kampala kwa ndugu mmoja aliyekuwa akiishi Katwe, na ndugu huyo baadaye alihamia makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Uganda inawahifadhi wakimbizi zaidi ya 1,500,000, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na sheria yetu ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea watakako, jambo ambalo mimi kama raia wa nchi hii najivunia. Lakini chakula cha msaada na kipande cha ardhi hutolewa makazini, si mjini. Anayechagua Kampala hutarajiwa kujitegemea, naye huweza kujitegemea vizuri kabisa kwa kutembeza vitenge mitaani hadi siku bodaboda inapomgonga.

Kilichonichoma zaidi ni jambo la lugha. Mimi nilizaliwa Bwera, kilomita chache tu kutoka mpakani, na Lhukonzo niliyonyonya kwa mama yangu inasikilizana na Kinande chake kama maji na maji, mbali na Kiswahili cha sokoni ambacho sote wawili tulikua nacho. Siku ya Jumamosi nilimsalimia kwa Luganda, akatikisa kichwa, nikaweka mfuko, nikaomba kwa Kiingereza, nikaenda kitanda kinachofuata. Sikukaa hata dakika mbili ambazo zingetosha kugundua kwamba tungeweza kuzungumza. Jumanne nilipomwamkia kwa lugha yetu, alinishika mkono asiuachie kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, nilidhani hapa nitakufa bila mtu kujua jina langu."

Siku zile zote alizokuwa peke yake, aliyemweka hai alikuwa mama wa kitanda cha pili, Mwislamu kutoka Busoga aliyekuwa akimuuguza kijana wake. Hawakuwa na lugha moja. Yule mama wa Busoga alikuwa akigawa posho ya mwanawe mafungu mawili, akimwinua mwenzake kichwa na kumnywesha maji, akimwaga chombo chake cha haja pamoja na cha mwanawe, bila kuombwa na mtu na bila kamati. Nilipotaka kumshukuru kwa niaba ya kanisa alinitazama kwa mshangao, maana hakuona nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Nilirudi nyumbani nikafungua Luka sura ya 10. Hadithi ya Msamaria nimeisikia tangu shule ya Jumapili, nami nimewahi kuifundisha mara nyingi, nikitilia mkazo kila mara kuhani na Mlawi waliompita kando mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi, na Msamaria aliyesimama. Tunaipenda sehemu ile ya mafuta na divai kwa sababu inaonekana, ina jeraha na ina mkono unaolifunga. Usiku ule nilikwama kwenye maneno ambayo nilikuwa nikiyapita haraka: "Hata siku ya pili." Msamaria alilala pale. Alimtunza yule mtu usiku kucha katika nyumba ya wageni, na asubuhi akatoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa gharama yoyote itakayozidi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, kama tunavyoona katika Mathayo 20 kwa wale waliokodiwa shambani, kwa hiyo alitoa ujira wa siku mbili, na juu ya hapo akajifunga kwa deni ambalo hakujua litafika wapi. Aliacha fedha, akaacha mtu wa kumtunza mgonjwa, akaacha na neno lake kwamba atarudi. Huruma yake ilikuwa na mpango wa kesho. Yetu ilikuwa imeishia kwenye picha ya mlangoni.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nalipenda kanisa langu, na najua waumini wenzangu si wachoyo. Ukitangaza msiba Jumapili, kapu litajaa kabla wimbo haujaisha. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nasi moyo huo tunao. Tulichokosa ni uvumilivu wa kurudi mahali pale pale, kwa mtu yule yule, wakati ambapo habari yake imekwisha kuwa ya zamani na hakuna anayelia tena. Yakobo aliandika juu ya mtu anayemwambia mhitaji aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa mahitaji ya mwili. Nimefikia kuamini kwamba kilo ya sukari inaweza nayo kuwa namna ya kumwambia mtu aende kwa amani.

Nilipolileta jambo hili kwenye kikao cha wazee na mashemasi, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliuliza swali la haki: wagonjwa wasio na jamaa ni wengi, fedha zetu ni chache, je, tutawabeba wote? Nilimjibu kwamba hatuombwi kuwabeba wote, ila yule tuliyekwisha kumshika mkono tusimwachie njiani. Yeye akanyamaza kidogo, akasema kwamba basi kinachotakiwa ni zamu, si sadaka. Neno hilo ndilo lililofungua njia, nami nalitoa kwake kama haki yake.

Na kwa kweli watu wa nchi hii walijua habari ya zamu kabla yetu. Katika milima ya Kigezi, ambako barabara haifiki kila kilima, wanakijiji wana vyama vya engozi, yaani machela ya kusuka ambayo wanaume humbebea mgonjwa mabegani wakipokezana hadi barabarani au hospitalini. Kila kaya ni mwanachama, kila mmoja anajua zamu yake, na asiyetokea bila sababu hutozwa faini. Buganda wana vyama vya munno mukabi, na ukilitafsiri jina hilo utapata karibu neno kwa neno methali yetu kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wana vyombo vya kupikia, wana daftari, wana mweka hazina, na msiba ukitokea hakuna anayeuliza nani atachota maji. Baadhi ya wapendwa kanisani waliona kwamba daftari na faini ni mambo ya kidunia yasiyofaa katika huduma ya kiroho. Mimi sioni hivyo. Mgonjwa aliyelala chali hawezi kusubiri hadi mtu asukumwe na Roho kumletea uji. Anahitaji kujua kwamba saa moja asubuhi uji utafika, na daftari ndilo linalomhakikishia hilo.

Isitoshe, kanisa la kwanza kabisa lilitatua tatizo hili hili kwa utaratibu. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hakuna mahali paliposemwa kwamba kuna aliyewachukia. Walisahauliwa tu, kama anavyosahauliwa wodini mtu ambaye lugha yake haisikiki. Mitume hawakuhubiri tu juu ya upendo, bali waliagiza wachaguliwe watu saba, na ukiyasoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, utaona kwamba yote ni ya Kiyunani. Kazi ya kuwakumbuka waliosahauliwa ilikabidhiwa kwa watu waliokuwa karibu nao kwa lugha na kwa malezi.

Basi nasi tulifanya hivyo. Ibada yetu ya Kiswahili imejaa akina mama kutoka Kivu na Ituri, ambao kwa miaka mingi tuliwaweka kwenye orodha ya wanaopokea. Sasa tuliwaomba waongoze. Aliyechukua usimamizi wa zamu ni dada mmoja anayetembeza vitenge kuanzia Katwe hadi katikati ya mji, na ndani ya wiki moja alikuwa amebadilisha karibu kila kitu tulichokuwa tukikifanya. Sukari na majani ya chai alivifuta. Badala yake ulikuja uji wa mtama ndani ya chupa ya chai, maana hunyweka hata na mtu asiyeinuka, kisha beseni, taulo dogo, dumu la maji la lita tano, mafuta ya kupaka mgongoni na visiginoni kwa waliolala muda mrefu ili ngozi isichubuke, na vitenge vikuukuu viwili kwa kila mgonjwa, kimoja cha kujifunika na kimoja kikiwa kwenye kamba kinakauka. Alitukataza kupiga picha. Alisema alipokuwa kambini alipigwa picha akipokea sahani, na hadi leo hajui ni nani anayeiangalia.

Zamu ni ya watu wawili wawili, asubuhi na jioni, na gharama kubwa kuliko zote ni nauli. Fedha ya dawa hatumpi mtu mkononi. Tunakwenda naye dukani na karatasi yake, kwa kuwa tuliwahi kudanganywa, lakini sikubali kwamba kudanganywa mara mbili au tatu kuwe sababu ya kumfungia mlango mtu wa nne. Yule Msamaria naye alimwamini mwenye nyumba ya wageni bila kumdai risiti.

Kuna jambo moja ambalo bado linaniliza. Miezi ya kwanza daftari letu lilikuwa na siku sita. Jumapili hapakuwa na zamu, kwa sababu sote tulikuwa ibadani, wala hakuna aliyeliona pengo hilo mpaka mzee mmoja aliyekuwa chini ya uangalizi wetu alipofariki Jumapili mchana, na mama wa kitanda cha jirani akatuambia kwamba tangu asubuhi alikuwa akiuliza kama watu wa uji wamefika. Huenda angekufa hata kama tungekuwapo, maana ugonjwa wake ulikuwa umefika mbali, lakini asingekufa akiulizia. Tangu hapo watu wawili huondoka kila Jumapili kabla ya mahubiri, wakiwa na chupa ya chai, na mchungaji huwaombea mbele ya kanisa kabla hawajatoka. Wapo wanaosema kwamba wanakosa Neno. Mimi nimekwenda zamu hiyo mara kadhaa, na sijaona kwamba nililikosa.

Ninapochoka huwa namkumbuka Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, kule Gulu. Mwaka 2000 alikuwa hapa Kampala akiendelea na masomo, Oktoba alipopigiwa simu kwamba wauguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Angeweza kutoa ushauri kwa simu na kubaki na vitabu vyake. Alirudi. Alisaidia kuutambua ugonjwa kuwa Ebola, akapanga wodi ya kuwatenga wagonjwa, na wahudumu walipoingiwa na hofu na wengine kutaka kuondoka baada ya kuwazika wenzao, yeye aliendelea kuvaa mavazi ya kujikinga na kuingia. Alikufa kwa ugonjwa huo huo tarehe 5 Desemba 2000, akazikwa katika uwanja wa hospitali. Mlipuko ule uliwapata watu 425, na 224 kati yao walifariki. Tunapomsifu, nadhani tunautazama sana mwisho wake na kusahau zile wiki za kuingia na kutoka wodini kila siku, siku ya pili, ya tatu, ya ishirini, akiwa anajua vizuri kuliko mtu yeyote kilichokuwa ndani.

Na hapa hapa Kampala, nikipita Nsambya, humkumbuka yule mtawa wa Kiairishi ambaye wazee bado wanamwita Mama Kevina, aliyefika mwaka 1903 na wenzake watano na kuanza kuwatibu watu chini ya mwembe. Alikaa miongo mingi, akawazoeza wasichana wa nchi hii kuwa wakunga na wauguzi ili kazi isife akiondoka, na alipofariki ughaibuni mwaka 1957 Wakristo wa Uganda waliomba mwili wake urudishwe, wakamzika Nkokonjeru. Watu hawampi mpita njia heshima ya namna hiyo.

Yule mama wa paja alikaa hospitalini zaidi ya miezi miwili. Mfupa uliunga, ingawa mguu ulibaki mfupi kidogo, naye hutembea kwa fimbo. Sikumwomba ajiunge nasi, kwa kuwa niliogopa angeona kwamba anadaiwa. Alikuja mwenyewe Jumapili moja, akamwuliza dada wa vitenge ni siku gani yenye watu wachache. Akaambiwa Alhamisi. Hawezi kubeba dumu wala kumwinua mgonjwa, hivyo yeye huketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya wodi, huuliza kila aliyeingia wiki hiyo anatoka wapi na anasema lugha gani, na huandika katika daftari la shule kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima.

Alhamisi iliyopita zamu ilikuwa yangu pamoja naye. Tulipomaliza, alinipa ukurasa wa siku ile nimpelekee dada. Vitanda vitatu havikuwa na mwuguzaji. Kwa cha kwanza alikuwa ameandika kwamba mgonjwa hanywi uji wa mtama, apewe wa mahindi. Kwa cha pili aliandika jina la mgonjwa, la baba yake na la kijiji chake, na kwamba ana dada anayeuza mihogo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, atafutwe kwa simu. Kwa cha tatu, kijana asiyesema lugha yoyote tuliyoijaribu, aliandika tu, "Kesho nitakuja na yule Msudani wa duka la kona," na ingawa kesho yake haikuwa zamu yake, nilimkuta langoni saa moja kasoro asubuhi, amekwisha kumleta.